Mjomba Asiyehesabika

Kila aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne amewahi kuandika mstari huu: S → KN + KT. Sentensi ni kikundi nomino na kikundi tenzi. Mwalimu wetu aliuandika kwa chaki, akachora matawi chini yake, kisha akaning'iniza maneno kwenye ncha za matawi kama maembe: mtoto, mdogo, anacheza, uwanjani. Wengi tuliukariri ili tufaulu mtihani. Mimi nilibaki na ule mshale. Ulikuwa unasema jambo zito kuliko ukubwa wake: kwamba sentensi za Kiswahili, zilizokwisha kusemwa na ambazo bado hazijazaliwa, zina mlango zinaopitia, na mlango huo unaweza kuchorwa ubaoni.

Miaka mingi baadaye nikaukuta mshale uleule mahali nisipoutarajia. Ulikuwa katika waraka unaoeleza sarufi ya lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto. Ni lugha iliyotungwa ili kuieleza kompyuta vitu vilivyomo duniani: kipi ni aina ya kipi, nani ana uhusiano gani na nani. Niliusoma waraka ule polepole, kama mtu anayesoma barua ya ndugu aliyepotea. Ninachotaka kusema leo nimejifunza humo, na nimejifunza pia barazani kwa mjomba wangu.

Wavuti tunaoutumia ulianza kama pendekezo la Tim Berners-Lee, mwaka 1989, katika maabara ya fizikia ya CERN iliyoko Geneva. Ulikuwa wavuti wa kurasa, na kurasa huandikwa kwa ajili ya macho ya watu. Ukurasa ukisema kwamba papa ameonekana pwani, msomaji anatazama maneno ya jirani na kujua kama anasoma habari za samaki mwenye meno makali au za kiongozi wa Kanisa Katoliki. Kompyuta inaona herufi nne. Mwezi Mei 2001, Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila walichapisha makala katika jarida la Scientific American wakieleza matumaini ya wavuti wa pili utakaotandazwa juu ya ule wa kwanza, wavuti wa maana, ambamo taarifa zitaandikwa kwa namna ambayo mashine nayo itaweza kuzifuata na kufikia hitimisho.

Matofali ya wavuti huo ni kauli fupi za lugha iitwayo RDF, iliyoidhinishwa mwaka 1999 na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Kila kauli ya RDF ina viungo vitatu, navyo ni vilevile tulivyofundishwa darasani: kiima, kiarifu na shamirisho. Asha, anaMama, Zuhura. Basi. Wahusika hutajwa kwa anwani kamili, kama anwani za tovuti, ili papa wa mvuvi asigongane na Papa wa Roma.

Kwa kauli fupi kama hizo unaweza kuandika habari nyingi, lakini huwezi kuandika sheria za habari hizo. Huwezi kusema kwamba hakuna papa ambaye ni mnazi, au kwamba hakuna mtu ambaye ni mama yake mwenyewe. Kwa ajili hiyo ikatungwa lugha nyingine juu ya RDF, lugha ya kuandikia ontolojia, yaani maelezo ya aina za vitu na mahusiano yake. Jina lake ni OWL. Toleo la kwanza liliidhinishwa tarehe 10 Februari 2004, na la pili, OWL 2, tarehe 27 Oktoba 2009. Herufi za jina hilo zilipangwa makusudi ili zisomeke kama jina la bundi kwa Kiingereza, kwa kuwa katika hadithi nyingi za Ulaya bundi ni ndege wa hekima. Kwetu bundi akilia juu ya paa usiku, watu wazima huamka wakinong'ona dua. Ndege ni yuleyule na mlio ni uleule. Maana imetoka kwa wasikilizaji, kwa bibi zao na hadithi walizosimuliwa.

Sasa mfikirie msikilizaji asiye na bibi. Hajasimuliwa chochote. Hakisii, hatazami uso wako, hakamilishi sentensi uliyoiacha njiani. Sisi kwa sisi tunazungumza kwa nusu ya maneno, nusu nyingine imo katika tunayoyajua pamoja. Ukimwambia jirani "amefika", anajua ni nani. Mashine haina ujirani huo. Kila itakachokijua lazima kiandikwe, na kila kinachoandikwa lazima kiwe na njia moja tu ya kusomwa. Hapo ndipo sintaksia inapoacha kuwa somo la mtihani na kuwa namna ya kumkaribisha mgeni.

Waraka wa OWL 2 unaoeleza umbo la lugha hiyo, uliohaririwa na Boris Motik, Peter Patel-Schneider na Bijan Parsia, unafanya kazi yake kwa njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni michoro ya visanduku na mistari: kauli ya namna hii ina viungo hivi, vingapi, na kama mfuatano wake una maana au hauna. Ya pili ni kanuni za kuandika. Kushoto kuna jina la tungo, kulia kuna viungo vyake, na katikati ipo alama inayofanya kazi ya mshale wa mwalimu wangu. Nikiyageuza maneno yake kuwa ya Kiswahili na kuacha mapambo, mojawapo inasomeka hivi:

KauliYaAina := 'NiAinaYa' '(' Aina Aina ')'

Maana yake: andika neno NiAinaYa, fungua mabano, taja aina ndogo, taja aina kubwa, funga mabano. NiAinaYa(Papa Samaki). Usemi umekamilika. Lakini neno Aina lililomo ndani ya kanuni lina kanuni yake pia, na kanuni hiyo inaruhusu aina ijengwe kwa aina nyingine: samaki na kiumbe mla nyama, au mtu mwenye mtoto ambaye ni mwalimu, au mtu mwenye mtoto ambaye ana mtoto ambaye ni mwalimu. Kanuni inajiita, inaingia ndani yake, inatoka na kitu kipya. Waraka mmoja unazaa kauli zisizo na idadi, na kila moja inaweza kupimwa kiungo kwa kiungo kama ni halali.

Namna hii ya kuandika kanuni ina majina mawili nyuma yake. John Backus aliiwasilisha mwaka 1959, katika mkutano uliofanyika Paris, ili kueleza lugha ya kompyuta iliyokuja kuitwa ALGOL. Peter Naur akaisafisha katika ripoti ya ALGOL 60. Lakini hamu yenyewe ni ya kale. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Panini wa Bara Hindi alieleza Kisanskriti kwa kanuni fupi zinazokaribia 4,000. Nasi hatukukosa mtu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaweka kwenye karatasi mambo ambayo malenga waliyashika kwa sikio: vina, mizani, mishororo, beti. Nikivisoma vitabu hivyo pamoja naona kazi moja. Umbo lililokuwa likiishi kooni na masikioni linatolewa nje na kuwekwa mezani, ili hata asiyezaliwa nalo aweze kulifuata. Sarufi iliyoandikwa ni ukarimu.

Ukarimu huo hauangalii mwandiko. OWL 2 inaweza kuandikwa kwa maumbo kadhaa: lipo la mabano kama nililoonyesha, lipo linaloitwa Manchester ambalo linakaribia sentensi za watu, yapo ya XML, lipo liitwalo Turtle. Umbo la ndani ni moja. Nasi tunalijua hilo, kwa maana utenzi mmoja umewahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kilatini, ukabaki utenzi uleule. Ila tunajua pia kwamba kuhama kutoka mwandiko mmoja hadi mwingine kuna jasho. Kauli moja ya OWL ikivunjwa ili iingie katika kauli za RDF zenye viungo vitatu, hutawanyika vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa fundo lisilo na jina, na kueleza jinsi ya kuvunja na jinsi ya kuunga tena kumehitaji waraka wa peke yake.

Haya yote nilikuwa nayasoma kama mtu anayesoma ramani ya mji asioufikia. Nilifika mjini siku nilipokwenda kumtembelea mjomba wangu, Pangani, nikiwa na nia ya kuandika ukoo wetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyo mashine uliyonieleza?"

Tulikaa barazani, yeye kwenye mkeka ameegemea ukuta, mimi na kompyuta mapajani. Majina yalikuja kwa wingi na nikayaandika: fulani ana mama fulani, fulani ana kaka fulani. Baada ya muda akauliza kama mashine sasa inajua kwamba yeye ni mjomba wangu. Nikamwambia haijui mpaka tuiambie mjomba ni nani.

"Iambie. Mjomba ni kaka wa mama. Nani asiyejua?"

Kaka wa mama. Maneno matatu ambayo mtoto wa miaka mitano anayafahamu. Lakini OWL ya mwaka 2004 haikuweza kuyasema. Ungeweza kuandika kwamba mimi nina mama, na kwamba mama ana kaka. Kanuni za lugha hazikuwa na tungo ya kuunganisha mahusiano hayo mawili ili yazae la tatu. Upungufu huo ulikuwa mashuhuri miongoni mwa walioitumia, na mfano waliouzoea ni huohuo wa mjomba. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2009, OWL 2 ilipoongeza tungo ya mnyororo:

UhusianoNdaniYa( Mnyororo( anaMama anaKaka ) anaMjomba )

Fuata anaMama, kisha fuata anaKaka. Pale unapofika, umefika kwa mjomba. Niliandika mstari huo, nikaiagiza programu itafakari, na jina la mzee aliyekaa mbele yangu likatokea kwenye kioo, mahali ambapo sikuwa nimeliandika kwa mkono. Nilimgeuzia kompyuta aone. Alisoma taratibu, kidole kikifuata herufi, kisha akasema, "Naam. Imefahamu."

Mfano huo ukiandikwa na wenye Kiingereza, mnyororo huanza na mzazi, kwa kuwa wao wana neno moja kwa kaka wa mama na kaka wa baba. Nilimwonyesha mjomba, akakataa papo hapo. Kaka wa baba hawi mjomba. Huyo ni baba: baba mkubwa au baba mdogo. Na nilipotaka kuiandikia mashine tofauti ya wakubwa na wadogo, nikagundua kwamba OWL 2 haina tungo ya kulinganisha miaka ya kuzaliwa ya watu wawili ili kuzalisha uhusiano kati yao. Nililazimika kuugawa ukaka wenyewe kuwa mahusiano mawili, kaka mkubwa na mdogo wa kiume, kisha kusuka minyororo miwili. Katika maisha yangu yote nilikuwa nikisema baba mkubwa bila kutambua kwamba ndani ya maneno hayo mawili kuna damu, jinsia na mfuatano wa kuzaliwa. Mgeni asiyejua kitu ndiye aliyenifanya nikione nilichokuwa nacho. Nilidhani ninaifundisha mashine ukoo wangu, kumbe kila swali lake lilikuwa linanirudisha kwa bibi yangu.

Kisha mjomba akauliza swali lake. Kwa maoni yake, mtoto mwenye wajomba watatu hakosi wa kumsemea. Alitaka kujua ni watoto gani katika ukoo wetu wana bahati hiyo. Kazi ndogo, nikafikiri. Nikaandika aina mpya: mtu mwenye wajomba wasiopungua watatu. Neno halikupigwa mstari mwekundu, mabano yalifungwa sawasawa, viungo vyote vilikuwa mahali pake. Nikaiagiza programu itafakari. Ikagoma. Ikanijibu kwamba uhusiano wa anaMjomba umetokana na mnyororo, na uhusiano wa namna hiyo hauruhusiwi kuhesabiwa.

Nilirudi kwenye waraka. Katazo hilo halimo katika kanuni za mshale. Limo mbele, katika sehemu ya 11, yenye masharti yanayoitazama ontolojia nzima kwa pamoja. Kauli ya mnyororo ni halali ikiwa peke yake. Kauli ya kuhesabu ni halali ikiwa peke yake. Zikikaa katika ontolojia moja, hata kama ziko mbalimbali, lugha inazikataa. Kanuni inayosoma kauli moja moja haiwezi kuona kosa hilo, kama vile mshororo wenye mizani yake kumi na sita kamili hauwezi kujua kama kina chake kimepotoka mpaka usomwe pamoja na wenzake katika ubeti. Ipo sarufi ya mstari, na ipo sarufi ya kukaa pamoja.

Na kwa nini katazo? Hapa ndipo paliponipa heshima kubwa kwa walioitunga lugha hii. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mantiki ikiwa na uwezo mpana wa kusema, hakuna utaratibu wa mashine unaoweza kukuhakikishia jibu kwa kila swali. Uwezo wa kusema na uhakika wa kujibiwa vinavutana. Wanamantiki waliofuata wakachunguza kwa subira ni tungo zipi zinaweza kuishi pamoja bila kuupoteza uhakika huo. Mnyororo peke yake, chini ya masharti fulani, unakubalika. Kuhesabu peke yake kunakubalika. Ukiruhusu kuhesabu mahusiano yaliyosukwa kwa minyororo, uhakika unavunjika: yatakuwepo maswali ambayo mashine itayatafakari bila mwisho na bila kukuambia kwamba haitafika. Lile katazo lilikuwa uzio uliojengwa ukingoni mwa shimo, na walioujenga walishuka kwanza wakapima kina chake.

OWL ya mwaka 2004 ilikuwa na sura tatu, na mbili kati yake zinaonyesha mvutano huo waziwazi. Ile iliyoitwa DL ilikaa ndani ya uzio: unasema machache, unahakikishiwa jibu. Ile iliyoitwa Full iliuvuka: sema utakavyo, lakini hakuna anayekuahidi kwamba swali lako litajibiwa. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atatambua mgogoro. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, akiandika mashairi yasiyofuata vina na mizani, yalizuka mabishano yaliyodumu miaka mingi: je, arudhi ndiyo inayolifanya shairi, au inalibana? Mimi hupenda mashairi ya pande zote mbili, kwa sababu msomaji wa shairi huru analeta moyo wake na kujaza palipoachwa. Lakini katika lugha ya kuzungumza na mashine ninasimama upande wa uzio. Msikilizaji wa huko hawezi kusema "hapa pameniacha, tuendelee". Kumwandikia bila mpaka ni kumpeleka mgeni porini usiku na kumwambia kila njia ni yake.

Na ndani ya uzio kuna ngazi zake. Ndani ya DL jibu lina uhakika wa kuja, lakini linaweza kuchukua muda mrefu sana. Kwa hiyo OWL 2 ina lahaja tatu nyembamba zaidi, EL, QL na RL, kila moja ikiacha baadhi ya tungo ili ipate wepesi katika kazi fulani. Lahaja ya EL haiwezi kusema "hii au ile" wala kuhesabu, na bado ndiyo inayobeba SNOMED CT, msamiati wa tiba wenye dhana zaidi ya 300,000. Maradhi ya binadamu, viungo vyake na matibabu yake vimewekwa katika lugha yenye maneno machache kuliko ya mtoto, kwa kuwa daktari anahitaji jibu mgonjwa akiwa bado kitandani.

Sitaki kuipamba sarufi kuliko inavyostahili. NiAinaYa(Papa Mnazi) ni kauli halali kabisa. Mabano yamefungwa, viungo vimekamilika, na papa amefanywa mnazi. Sintaksia inalinda umbo la usemi, hailindi ukweli wake. Mwongo mwenye sarufi nzuri anapita mlangoni kama mkweli, na wajibu wa ukweli unabaki kwa anayeandika. Hilo halikuanza na kompyuta.

Hata hivyo mpaka kati ya umbo na maana hauko wazi kama wataalamu wanavyouchora, na shahidi wangu ni Kiswahili. Chukua neno kiboko. Kwa kiambishi chake ni la ngeli ya KI-VI. Lakini tunasema "kiboko amelala mtoni", si "kimelala", kwa kuwa mnyama ana uhai, na katika upatanisho wetu uhai unaishinda herufi. Ukisikia "kiboko kimevunjika", unajua papo hapo kwamba ni fimbo. Silabi moja ya kitenzi imebeba uamuzi kuhusu kipi kinapumua na kipi hakipumui. Wale wazee wasiojulikana majina waliotuachia ngeli walitukabidhi ontolojia, wakaificha ndani ya sintaksia mahali ambapo hatuwezi kufungua mdomo bila kuipitia. Ninapoona waraka wa kurasa nyingi ukihangaika kuweka tofauti kama hiyo kwa visanduku na mabano, ninaheshimu kazi hiyo, kisha ninakumbuka kwamba mtoto wa Pangani anaibeba mdomoni akiwa bado hajaanza shule.

Nilimweleza mjomba kwa nini mashine imegoma kuhesabu. Sikutaja Turing. Nilisema tu kwamba tumeiomba mambo mawili, na wenye kuitunga lugha yake wameona kwamba mtu akiruhusiwa yote mawili kwa pamoja, yatakuwepo maswali yasiyopata jibu. Alitikisa kichwa kwa kukubali. Tuchague, akasema. Tukachagua mnyororo, tukaiacha hesabu. Kujua nani ni mjomba wa nani tuliona kuna thamani zaidi kuliko kujua ni wangapi.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa mto tulipofika mwisho wa majina. Nilikuwa nakaribia kuifunga kompyuta pale aliponiambia, kwa sauti ya chini, "Umemwacha mmoja."

Kumbe baina yake na mdogo wake alikuwepo mwingine. Alifariki akiwa mdogo sana, kabla mama yangu hajazaliwa, na jina lake halikuwa likitajwa kwa sababu bibi alikuwa akilia. Nilikuwa sijawahi kulisikia. Alilitamka mara mbili ili niliandike sawasawa.

Nikaliandika, na nikaiagiza programu itafakari upya. Nilikuwa na wasiwasi kwamba mambo yatavurugika, lakini hakuna hitimisho hata moja lililofutwa. Yaliyokuwa kweli yalibaki kweli, yakaongezeka mengine: nilikuwa na mjomba niliyekuwa simjui, naye alikuwa na wapwa. Nikaelewa msingi wa lugha hii ambao nilikuwa nimeusoma tu kitabuni. Katika OWL, kutosema si kukana. Habari isiyoandikwa haihesabiwi kuwa uongo. Ni habari ambayo bado haijafika. Ukitaja kaka wawili wa mama, mashine haisemi kwamba ni wawili tu. Hata haisemi kwamba ni watu wawili mpaka utamke kuwa ni tofauti, kwa kuwa huenda ni majina mawili ya mtu mmoja, kama Mvita na Mombasa yalivyo ya mji mmoja. Inaacha mlango wazi kwa yule ambaye hajatajwa. Miaka yote ile bibi alipokuwa kimya, daftari la namna hii lisingemkana mtoto wake.

Mashine haikuruhusiwa kuhesabu, kwa hiyo mjomba alihesabu mwenyewe. Alikunja vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja akitaja jina la kila kaka wa mama yangu, akianza na lake. Kidole cha nne alikishika kwa muda kabla ya kukikunja.